Jumatatu za Firenze

Geti la kwa mtoto wa rafiki yangu Espérance, kule Midrand, lilitukataa mara tatu. Mjukuu wangu Furaha alibonyeza zile namba alizotumiwa kwenye simu, kile kidude kikalia kama mbuzi, na geti halikutikisika. Tulikuwa tumetoka Yeoville baada ya misa ya kwanza, robot, zile taa za barabarani, zote zimetupa kijani mpaka barabara kuu, na mimi nimevaa kitenge changu cha harusi, kwa sababu mtu niliyekuwa naenda kumsalimia nilimwona mara ya mwisho nikiwa na miaka ishirini na moja. Mlinzi alikuja dirishani na karatasi zake. Aliniangalia, akakiangalia kitenge, akaacha Kiingereza. "Mama, unatoka Bukavu?" Nikamwambia natoka Kadutu. Akasema yeye ni Bahati, wa Bagira, tena amefurahi sana kuniona, ila sheria ni sheria: mpaka mwenye nyumba apokee simu. Furaha, anayeniita Gogo, yaani bibi kwa lugha ya huku, akapumua kwa nguvu. "Eish, Gogo. Bibi wawili wanataka kunywa chai tu." Anaongea Kiingereza, mimi namjibu Kiswahili, ndivyo tunavyoishi, hakuna anayemwonea mwenzake. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka. Nilikuwa nakumbuka mji mwingine wenye milango mizuri kuliko ile, ambao ulinifungia mwaka mzima. "Zima gari," nikamwambia, "nikueleze nilivyokaa Firenze." Akageuka mzima mzima kwenye kiti. "Italia? Wewe, Gogo?" Watoto wanafikiri tulizaliwa tukiwa wazee, tena Yeoville.

Mamasera, watawa wa parokia yetu, ndio walionipeleka. Walikuwa wanatafuta msichana wa kumsaidia Sinyora Ottavia Bellandi, mjane ambaye kaka yake alikuwa padri kwetu, na miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia ngazi. Karatasi zangu zilikuwa za mwaka mmoja. Nyumba ilikuwa juu kabisa, ghorofa ya tano, chini yake kuna ua mdogo kama kisima, na madirisha yote ya jikoni yalitazama humo. Kwa hiyo asubuhi, kabla sijajua neno hata moja la pale, nilikuwa najua nani amegombana na nani: mama Fiorella wa ghorofa ya tatu akilalamika nguo za juu zinamdondoshea maji kwenye shuka zake, mzee Gualtiero akijibu kwa kuimba kwa makusudi. Jikoni kwa Sinyora kulikuwa na meza ya mawe meupe, baridi hata Agosti, na juu yake ndipo nilipokula mkate wa kwanza wa mji ule. Nilitafuna, nikangoja. Hauna chumvi. Nilidhani mpishi amesahau, nikanyamaza kwa adabu. Siku ya pili hauna chumvi, siku ya tatu hauna chumvi. Siku ya nne Sinyora aliniona nikiunyunyizia, akaweka mkono kifuani kama mtu aliyeona mwizi. Huo ndio mkate wao, wanaujivunia. Mpaka leo sijaelewa mji uliojua kuchora vidole vya malaika mpaka kwenye kucha ulishindwa vipi na chumvi. Ila maharage yao, nisiwasingizie, yale meupe wanayoyapika taratibu na majani yenye harufu kisha wanayamwagia mafuta mabichi, hayo ningeyala hata sasa hivi.

Lakini sikwenda kwa sababu ya maharage, wala sikwenda kwa sababu ya Sinyora. Nilikwenda na kazi nyingine, niliyopewa na mama yangu wa ubatizo, Mama Venansia Nabintu. Alipokuwa mtoto, siku ya komunyo ya kwanza, padri alileta kadi za picha takatifu, watoto wakawa wengi kuliko kadi. Yule padri hakutaka mtoto aondoke mikono mitupu, basi akachukua mkasi akazikata kadi katikati. Mama Venansia akapata nusu yenye malaika. Malaika mwenye mabawa ya rangi nyingi, kama kitenge cha gharama, amekunja mikono kifuani, ameinama. Mbele yake, hakuna kitu. Mkasi. Nusu nyingine alipewa msichana mmoja jina lake Feza, na wazazi wake wakahama naye kabla ya mvua. Mama Venansia aliishi na nusu ile, iko kwenye ukuta juu ya kitanda chake, mpaka kingo zikawa laini kama kitambaa. Katekisimu alikuwa anaijua, alijua mbele ya malaika kuna Maria. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kingine. Usiku wa kuamkia safari yangu aliniita akasema: "Padri alisema picha yenyewe iko ukutani huko unakokwenda, kwenye nyumba ya zamani ya watawa. Nenda ukaone alipokelewaje. Uso wa Maria ulikuwaje? Aliogopa? Alifurahi? Miaka yote hii nalala chini ya mgeni ambaye sijui kama alikaribishwa." Nikamwambia nitamletea kadi nzima. Akakataa. "Usiniletee karatasi nyingine. Karatasi inakatwa. Niletee macho yako."

Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumatatu, kwa sababu Jumatatu wifi wa Sinyora alikuja kushinda naye. Jumatatu ya kwanza nilivaa vizuri, nikauliza njia kwa kuonyesha kidole na kukunja mikono kama malaika, watu wakanielekeza wakicheka, nikafika. Mlango mkubwa wa mbao, misumari yake ina vichwa kama viazi. Umefungwa. Pembeni kuna kibao. Niliacha shule darasa la nne, lakini herufi nilikuwa nazijua, nikaliandika lile neno kwenye kiganja nikarudi nalo nyumbani. Chiuso. Sinyora akalisoma kiganjani mwangu akasema, kumefungwa, ni Jumatatu, makumbusho yote yanafunga Jumatatu, kila mtu anajua. Ndilo neno la kwanza la lugha ile nililolisoma mwenyewe. Nikamwomba anibadilishie siku. "Jumatatu ni Jumatatu," akasema. Nikamuuliza yeye ameiona ile picha? Akafikiri. "Nikiwa shule. Mara moja. Tulikuwa tunasukumana." Miaka sabini katika mji ule. "Hayo ni ya wageni," akasema, akaniambia nimletee miwani yake.

Basi nikawa mtu wa Jumatatu. Sitaki nidanganye kwamba niliteseka. Jumatatu mji ule unapumzika na watu wake wanarudi kuwa watu. Nilitembea kutoka daraja mpaka daraja, nikayaona maji ya mto yanavyogeuka rangi ya chai ya maziwa mvua ikinyesha milimani, nikalizunguka kanisa kubwa lenye mawe ya kijani na meupe na ya waridi mpaka nikawajua mafundi waliokuwa wanalisugua, Ilario na mwenzake Duccio, ambao walinisalimia kwa jina. Kila pembe ukigeuka kuna uso juu ya mlango, simba, mtoto, mzee ametoa ulimi, mtu alikaa siku ngapi kuchonga kile kiulimi. Halafu Jumatatu moja, nyuma ya soko, pua yangu ikasimama kabla ya miguu. Matumbo. Mwanaume mmoja na gari lake la kusukuma, sufuria inachemka, anayatoa matumbo ya ng'ombe kwa uma, anayakata, anayatia kwenye mkate. Nilikuwa nimeambiwa Wazungu hawali matumbo. Nilisimama nikala, machozi yananitoka, na yule bwana, Ugolino, akadhani ni pilipili. Mkate hauna chumvi, lakini siku ile niliusamehe.

Espérance alikuwa ghorofa ya pili, anapika kwa daktari. Yeye ni wa Uvira, amenizidi miaka minne, kwa hiyo nilimwita Yaya, kama dada mkubwa, na alikuwa ameshakaa pale miaka miwili, anajua kujibu hata mzee Gualtiero. Mapumziko yake Alhamisi. Kila Alhamisi alipaka midomo rangi akaenda kumwona Donatien, mwanafunzi kutoka kwetu, mwembamba, mwenye koti moja. Espérance alinicheka mwaka mzima. "Faida, leo ukuta ulikupokea?" "Umefungwa, Yaya." "Ukuta una maringo kuliko mwanaume." Akanipeleka kwenye duka la kadi, akatafuta, akaipata, picha nzima, malaika huku na Maria kule. "Hii hapa. Nunua, umalize, mama yako atafurahi." Niliishika ile kadi karibu na dirisha. Uso wa Maria ulikuwa mdogo kama punje ya dengu. Kwenye punje ya dengu huwezi kusoma kama mtu ameogopa au amefurahi. Niliirudisha mahali pake, mwenye duka akaninunia, na Espérance akaniambia njia nzima mimi ni mtu wa taabu. Nilimwambia, Yaya, wewe ungetumwa uangalie uso wa mtu, ungerudi na karatasi?

Mwezi wa mwisho ikaja barua ya masera Klementina. Mambo ya parokia, mahindi, ubatizo, halafu chini kabisa: mama yako wa ubatizo macho yake yanamzimikia, anauliza kama umeshakwenda. Nikaisoma jikoni mara tatu kwa sauti, polepole, kama ninavyosoma. Nilikuwa nimebakiwa na Jumatatu tatu, zote zimefungwa. Sinyora nilimwomba tena, nikapiga magoti kama tunavyoomba kwetu, akakasirika, akaniambia simama, mtu hapigi magoti jikoni. Lakini Espérance alikuwa amekuja kuazima ungo, akasikia. Akamwambia Sinyora kwa Kitaliano chake cha haraka: Alhamisi hii mimi nitakaa na wewe, Faida aende. Sinyora akauliza, unajua kucheza karata? Espérance akasema anajua. Hakuwa anajua. Nilimuuliza ngazini, na Donatien je? "Donatien ana miguu," akasema. "Nenda kwa ukuta wako."

Alhamisi mlango ulikuwa wazi. Mlango ule ule. Ndani kulikuwa na foleni ya watu wenye kofia na kamera, nikajipanga, nikawasikia mbele yangu wanalalamika kwa lugha zote kuhusu joto na viatu na kusubiri, na mimi moyo unanipiga kama ninayekwenda kuposwa. Kuna ngazi za mawe. Unapanda umeinamisha kichwa kwa sababu ni ndefu, ukiinua kichwa katikati, yuko pale juu, ukutani, mbele yako. Malaika. Mkubwa kama mtu. Mabawa yale yale, mistari ile ile ya rangi, mikono imekunjwa kifuani, amefika sasa hivi, hata nguo haijatulia. Nikapanda ngazi zilizobaki bila kuzihisi. Na nusu ya pili ya ukuta ilikuwa imefunikwa. Shuka nyeupe kutoka juu mpaka chini, mbao na ngazi nyuma yake, mafundi wanatengeneza. Mkasi ungepita pale pale.

Nitasema nilichofanya, ingawa Furaha alificha uso nilipomweleza. Sikulia. Nilikuwa nimebeba kitenge ndani ya mfuko, kizuri, cha njano, ambacho Mama Venansia alinifungia mzigo nacho. Kwetu mgeni mkubwa akifika, askofu, au bibi harusi, akina mama wanamtandikia vitenge njiani, asikanyage mavumbi. Nikafikiri: huyu amesimama hapa miaka yote na hakuna aliyemtandikia, na wa kumpokea amefunikwa shuka. Nikakitoa kitenge, nikakikung'uta, nikakitandika sakafuni chini ya miguu yake, nikakinyoosha pembe nne. Mlinzi akaja mbio. Mwembamba, jina limeandikwa kifuani, Nardini. "Sinyorina, hapa si mahali pa kula chakula." Alidhani natandika nikae nitoe mkate, kumbe wageni hufanya hivyo. Nikamwambia sili, ni kwa ajili ya malaika, anafika. Nardini akamtazama malaika, akanitazama mimi. "Amefika zamani sana, hajawahi kulalamika. Okota." Nikamwambia, mpokeaji wake hayupo. "Okota, sinyorina. Sheria." Watu wamesimama kwenye ngazi, kamera zimeshushwa. Nikainama kuokota. Ndipo nyuma ya shuka mtu akacheka, halafu akatoka mama mmoja amevaa koti jeupe, miwani ameipandisha kwenye nywele, mkononi ameshika brashi nyembamba kama kope. Loredana. Aliniuliza ni nini hiki. Nikamweleza kwa Kitaliano changu cha jikoni, chenye maneno mengi ya kuosha na kukaanga na machache ya mambo ya Mungu. Mama yangu ana nusu ya kadi. Padri alikata. "Alikata?" akasema. "Kwa mkasi?" Kwa mkasi. Nikaona imemuuma, huyo ambaye siku nzima anakaa kugundisha vipande vya rangi visivyozidi ukucha. Nikamwambia nimetumwa kuuona uso wa Maria, nakwenda kwetu mwisho wa mwezi, mama anapoteza macho. Loredana akamwambia mlinzi: "Nardini, kuna ndege kwenye dirisha lile." Hakukuwa na ndege. Nardini akatazama dirisha, akatazama shuka, akasema sheria, akasema tena sheria, kisha akatembea polepole mpaka dirishani akasimama ametupa mgongo. Loredana akashika pembe ya shuka akaiinua juu ya kichwa chake.

Aliniinulia kwa muda wa Salamu Maria moja. Sikusali hata neno, nilitumwa kuangalia. Amekaa kwenye kigoda, kigoda cha kawaida kabisa, cha mtu anayemenya viazi. Hakuogopa. Hakutabasamu pia. Ana uso wa msichana aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua, na kabla hajaamua ajibu nini mwili wake umeshasogea mbele. Na mikono yake, hili ndilo ambalo punje ya dengu haikuonyesha, mikono yake ameikunja kifuani sawasawa na malaika, na ameinama sawasawa na malaika. Wameinamiana. Loredana akashusha shuka. Akakiokota kitenge changu yeye mwenyewe, akakikunja vizuri, akanipa.

Nilifika Kadutu wakati wa adhuhuri, na Mama Venansia alikuwa amekaa kitandani akisikiliza nyayo. Macho yalikuwa yameshazimika, anaona mwanga wa mlango tu. Basi nilimkamata mikono yake, nikamkunjia kifuani, nikamwambia wewe ni Maria. Nikakunja yangu. Nikamwambia inama, na mimi nikainama, mpaka vipaji vya nyuso zetu vikagusana. Tukakaa hivyo. "Hivi?" akauliza. Hivi, mama. Akacheka kwa pua. "Kumbe walisalimiana. Na mimi miaka yote nilidhani anaomba msamaha." Aliishi mvua mbili baada ya hapo, na kila aliyeingia kumsalimia ilibidi akunje mikono.

Bahati aligonga dirisha la gari, mwenye nyumba amepokea simu. Geti likafunguka. Espérance alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, nywele kazipaka rangi nyeusi kama mkaa, midomo myekundu. Amemzika Donatien mwaka jana kule Ubelgiji, ndiyo maana mtoto akamleta huku asikae peke yake. Tulishikana kwanza. Mkamwana wake alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, na ugali wa hapa, na kutoka jikoni tulimsikia anamuuliza Furaha kwa Kiingereza hawa wawili walijuana wapi, na Furaha anamjibu, huwezi kuamini. Baada ya kula Espérance akaniambia: "Ile Alhamisi, Donatien alikuwa anahamia Torino. Treni ya saa nane. Mimi niko na Sinyora Ottavia, ananila kwenye karata." Kijiko kilinidondoka. Miaka hamsini sikujua. "Yaya, kwa nini hukuniambia?" "Ungekataa kwenda. Na yeye alirudi, si alirudi? Aliniandikia barua ya kurasa sita kwa hasira, ndiyo iliyonioa." Akafuta mdomo. "Ila mimi sikwenda kuuona ukuta wako. Nilikaa pale miaka mitano, halafu maisha yote Ulaya, kila mara nikasema nitapita. Alhamisi yangu ulikwenda nayo wewe. Sasa nieleze. Uso wake ulikuwaje?"

Nikamwambia asimame. Akaegemeza fimbo kwenye kabati. Nikamkunjia mikono kifuani, nikakunja yangu, na pale sebuleni Midrand, juu ya zulia la mtoto wake, tukainamiana mpaka vipaji vya nyuso vikagusana, marashi yake ni yale yale. Tulikaa kidogo. Kisha tukakaa zaidi kidogo, kwa sababu migongo yetu ni ya umri wetu. Furaha akaingia na sinia ya chai, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema akaniuliza kwa Kiswahili: "Gogo, malaika ni nani?"

"Bado hatujui," Espérance akajibu kutoka chini. "Ni yule atakayenyooka kwanza."

Furaha akaweka sinia mezani, akaja kutunyoosha.